Kitufe cha Kumwita Mkunga

Kejajar, Wonosobo,
Jawa ya Kati.
9 Desemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Tegar,

Assalaam alaykum. Natumaini baridi ya huko Nagoya, Japani, haijakuzidi na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hapa wazima. Mama analalamikia magoti, viazi vimevunwa, mvua hainyamazi.

Sasa nikuambie ukweli, maana kwenye simu unacheka tu na kubadili mazungumzo. Umenichosha.

Tovuti uliyomtengenezea Mama Mkubwa Sulastri kwa ajili ya zahanati yake ya uzazi ni nzuri, sikatai. Uliburuta picha kwa kipanya, ukatandaza ukungu wa mlimani, na kwenye kioo chako kipana cha kompyuta ilipendeza. Lakini hapa nani ana kioo kipana? Watu wanafungulia kwenye simu, na kwenye simu ile picha inakaa juu ya kitufe cha kumpigia mkunga. Kitufe kinaonekana, ila ukikibonyeza unabonyeza ukungu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi wa tovuti. Hata hivyo nilijifunza CSS, ile mistari inayoiamuru tovuti kila kitu kikae wapi. Wiki mbili nzima. Ukisahau alama moja tu, kazi yote inavurugika. Nikapata, kitufe kikaitika. Siku ya tatu wewe ukafungua programu yako huko, ukaona rangi haikukolea, ukasogeza visanduku, ukachapisha. Programu ikaandika kila kitu upya na kufuta mistari yangu. Nilipokueleza ukasema, "Pole dada, nilirekebisha kidogo tu." Nikaandika tena. Ukarekebisha kidogo tu tena.

Jumanne iliyopita asubuhi, mke wa Darsono, yule jirani yetu mkulima wa viazi, alishikwa na uchungu. Darsono alibonyeza kitufe mara kumi na moja, kisha akampakia mkewe kwenye pikipiki. Hawakufika. Alijifungulia kwenye ghala la viazi, juu ya magunia, wanawake wanaochambua viazi wakimkinga kwa vitambaa vyao. Mtoto ni wa kike. Yeye na mama yake wako salama, alhamdulillah.

Mchana Darsono akaja zahanati, amevimba kwa hasira.

"Bi Mkunga, nimekukosea nini hata usipokee simu yangu?"

Mama Mkubwa alikuwa na simu mfukoni tangu alfajiri. Aliitoa akamwonyesha kwamba haikulia hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nikaiondoa kazi ya programu yako yote. Nimeandika ukurasa mpya kwa mkono: jina, saa za kazi, na kitufe kikubwa kama tofali. Sura yake mbaya, najua. Nywila ya kuingilia tovuti nimebadilisha, usiiguse tena. Juzi nikamwita Darsono ajaribu. Simu ikalia mkononi mwa Mama Mkubwa, naye akaipokea ingawa mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Darsono."

"Nakusikia, baba. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya mpaka mama yake hapumziki."

"Basi chukua pikipiki, twende nikamwone."

Limebaki moja. Mama Mkubwa anadhani ni mashine iliyokosea. Sijamwambia kwamba Jumanne ile ile, saa moja kabla ya Darsono kupiga, wewe ulichapisha tena. Saa imeandikwa mle kwenye kumbukumbu za tovuti, nimeiona. Mimi sitasema. Mpigie wewe, umweleze kwa kinywa chako.

Nisalimie Wahyudi unayekaa naye. Mama na Baba wanakusalimu sana. Na Mama Mkubwa ameniambia nikuulize kama zile soksi za sufu alizokufumia zimekutosha, au afume nyingine kubwa zaidi.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kupiga simu hiyo.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Wening