Panya Hawakupona

Chumba cha Wafanyakazi,
Maabara ya Wanyama,
Tarehe 9 Juni.
Leo ni miezi kumi na minne na siku tatu tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama. Shemeji anaendeleaje? Na mama? Hilo la mama ndilo linalonifanya niandike haraka leo.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Unasema, tena kwa furaha, kwamba mama ameacha sindano za insulini, leo siku ya nne, anakunywa majani ya kuchemsha kwa kuwa "panya wa kaka wamepona". Nani kakutuma? Tangu lini umekuwa daktari? Nimekupigia hadi kidole kinauma, hupatikani. Barua hii anakuletea dereva wetu anayepita huko leo.

Sikiliza. Panya hawa huchomwa kemikali inayoharibu kongosho mpaka sukari ipande. Kisha nusu yao hupewa unga wa majani hayo hayo anayokunywa mama, ndani ya chakula. Kila Jumatatu mtaalamu, dada mmoja wa hapa, huwatoboa ncha ya mkia, tone moja la damu, akasoma sukari kwenye kimashine. Namba zikashuka, nami nikakuandikia kwa mbwembwe kwamba wamepona. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Lakini anayefagia vizimba ni mimi. Wiki iliyopita nilipima mabaki ya chakula: wenye unga hawali! Mchungu kama nyongo. Wamekonda, mbavu unazihesabu. Sukari imeshuka kwa njaa, wewe, si kwa dawa!

Nilimweleza mtaalamu. Hata macho hakuinua: "Mzee, wewe shika fagio."

"Basi fagio ndilo lililoona, dada," nikamjibu.

Wenzangu wakacheka, mimi sikucheka. Jana kawapima tena baada ya kuwapa chakula kisicho na unga. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Sasa kanywea, hata salamu hanipi.

Usinijibu, usibishane. Ukimaliza kusoma, mpeleke mama hospitali leo hii, wampime, waseme wao arudie sindano kiasi gani. Usimdunge mwenyewe eti kufidia siku zilizopita. Na majani hayo tupa, hata na sufuria yake.

Nisalimie shemeji, shangazi na mapacha wako. Mungu awafunike, mama kwanza.

Nilipanga kurudi mwisho wa mwaka. Nimeomba ruhusa: Jumamosi saa nne asubuhi nitabisha hodi, na ole wako mama asiwe na nguvu za kunifungulia.

Wako akupendaye, ingawa leo nakuchemkia,
Kaka yako