Kitabu cha Sita, Nyumbani kwa Wifi

Jumatatu, 7 Julai
Kitabu cha sita kilipotea Jumatano tarehe 18 Juni, baina ya adhuhuri na magharibi, nyumbani kwa kaka yangu Hamisi, hapa Msambweni. Siku hiyo hiyo Hamisi alifariki. Wote wanalizungumza lile la pili. Mimi naandika la kwanza kwa kuwa hilo lina mtu wa kulijibu.

Leo vimerudi viti 120 kutoka harusi ya Bodo. Nimevihesabu mara mbili. Sahani tatu hazikuwamo, nikampigia bwana harusi fungateni. Zimeonekana. Mwaka wa kumi na nne huu nakodisha viti, turubai na masufuria. Nilianza na viti ishirini. Kitu changu nikijua kimeingia nyumba gani, hakipotei.

Jumanne, 8 Julai
Mvua. Kazi hakuna. Nimerudia kitabu cha pili toka mwanzo.

Shujaa wake ni Makame Kiherehere, mwandishi wa gazeti. Anawapekua wezi wakubwa, na kila ifikapo sura ya tatu anamtuhumu mtu asiyehusika. Humhoji mshukiwa huku anakula wali wake. Katika cha pili anajificha ndani ya friza ya samaki, anatoka na siri moja na mafua. Nimecheka peke yangu dukani. Nikakasirika kwamba nimecheka.

Vitabu viko saba, vyote vyangu. Cha sita nilimwachia Hamisi akitangulie kwa sababu aliniganda kama mtoto. Humo imeibwa kreni. Kreni nzima, bandarini, mchana kweupe. Alinipigia simu, hawezi kusema kwa kicheko: "Mwanajuma, we wacha tu! Mlinzi alikuwa amekaa juu yake!" Alikuwa amemaliza ukurasa wa 40. Hakufika wa 41.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemuuliza wifi Zuhura, mke wa marehemu, mara ya tatu. Jibu: "Wifi, mimi niko eda, nitajulia wapi mambo ya vitabu?" Hilo si jibu. Hakusema hana.

Kwetu nguo za maiti hupewa aliyemwosha. Nikapiga hesabu: kitabu kilikuwa mfukoni mwa koti, koti limetoka na fuko la nguo. Nikaenda kwa mwosha mwenyewe. Mzee akaipokea shikamoo yangu, akanimwagia fuko mkekani. Kanzu mbili, shuka, koti. Mifuko mitupu. Akashika fulana iliyokuwa mwilini mwake: "Na hii niivue, mwanangu?" Nyumba nzima ikacheka. Nimeona haya njia yote. Sikuomba radhi.

Ijumaa, 11 Julai
Mama Riziki, anayeuza mahamri mkabala na duka langu, ameniuliza huku anafunga: "Dada, hiyo kreni kaificha wapi yule mwizi? Maana jana kwa Zuhura tumeachwa Kiherehere kakwama dirishani, nusu ndani nusu nje." Kisha akakumbuka anasema na nani. Akajiziba mdomo kwa kanga.

Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri, wanawake wanaokwenda kumliwaza Zuhura wanasomewa. Kitabu changu. Msambweni nzima iko mbele yangu.

Mwongo. Mwongo aliyevaa nguo za eda.

Jumapili, 13 Julai
Nimekwenda. Sikupiga hodi. Wanawake kumi na mmoja mkekani, Zuhura katikati, kitabu mapajani. Akaniangalia, akamalizia ukurasa wa 90, akafunga katikati ya sentensi. Wakapiga kelele, "Aaa, Zuhura, huna huruma!" Naye akacheka.

Nikasema mbele ya wote kwamba mjane mwenye uchungu hacheki. Bi Mwanaisha, jirani yake, akasema, "Mwanajuma, kaa chini unywe maji." Sikukaa. Zuhura hakupandisha sauti. "Wewe una vingine sita, wifi."

Mkono wangu ulikifikia kitabu. Ukarudi. Jalada lilifunuka, nikaona ndani yake, kwa penseli, mwandiko wa Zuhura: 256. 128. 2.

Jumatatu, 14 Julai
Eda miezi minne na siku kumi. Kwa miezi ya mwandamo, siku 128. Kitabu kurasa 296. Toa arubaini za Hamisi. Zinabaki 256. Gawanya. Mbili kwa siku.

Nimelitafuta kosa. Halimo. Ameanza pale alipoachia mumewe, na anajipimia kama vidonge, mpaka siku atakayotoka nje.

Sheria inampa mke siku 128. Dada inampa siku tatu. Zangu nilizimaliza nikihesabu viti vya matanga ya kaka yangu, maana vilikuwa vyangu. Turubai langu. Masufuria yangu. Tarehe 22 nilifungua duka. Wateja walisema pole, wakauliza kama viti vyeupe vipo. Mkekani kwangu hakukaa mtu. Sikutandika mkeka.

Namchukia Zuhura. Si kwa kitabu. Anao watu kumi na mmoja na kitu cha kusubiri kesho.

Jumatano, 16 Julai
Jua limetoka. Nimeanika turubai, nimefagia stoo.

Nimemwandikia Zuhura ujumbe, nikafuta mara nne. Wa tano umekwenda. Naunakili hapa nisije nikajidanganya baadaye kuhusu nilichosema.

"Wifi, kitabu kaa nacho. Neno nililosema Jumapili lilikuwa baya, na nililisema mbele za watu. Nitalirudisha mbele za watu hao hao. Sitasoma mbele yako, wala sitamuuliza Mama Riziki. Kesho ni ukurasa wa 97 na wa 98. Nije nisikilize, au nisije? Usiniambie uko eda, najua. Sema ndiyo au sema hapana. Nijibu kesho kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa sababu saa nane kuna viti vya kupeleka Shimoni, na nataka kujua kama nitafute mtu mwingine wa kwenda navyo."