Mama Mukwe wa Ile Sinema

Marceline mujukuu wangu,

Bila mie, ile sinema ya mapendo ya Babelge na Bafaransa haingemalizika. Huku tuko bazima; dada yangu, nkambo yako, ndiye bibi yako, anakusalimia. Unauliza mbona hukuniona ndani.

Wakati ule Lubumbashi ingali inaitwa Elisabethville. Muzungu mwenye kuoa binti wetu mu sinema alipaswa kukumbatia mama mukwe. Muke wa katekista, mwenye kucheza huyo mama, akakataa: "Mie niguse mukwe? Hata ya kuigiza, hapana." Akaenda kwake. Kazi ikasimama, bazungu bakaanza kufunga masanduku.

Nikabaambia bafuate desturi yetu: mama mukwe afunike uso, mukwe apite mbali, macho chini. Yule muzungu alifanya kwa heshima kweli.

Lakini muke wa katekista hakurudi. Ule mwenye kujifunika kitenge, mutoto, ni mie.