Mashine Iliyoitwa Kitinda

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Hujambo, na Mama hajambo? Goti lake limepoa, au bado analisema kila akiinuka kitini? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya maktaba inaendelea. Nashinda nazunguka na bisibisi mfukoni, kutoka kompyuta hii hadi ile, na wasomaji wameshanibatiza Daktari wa Vitufe. Tangu uache simu ya kioo umeturudisha kwenye stempu na bahasha kama bibi zetu. Silalamiki, ila mwandiko wako ni wa kuku aliyekimbia mvua.

Leo nina jambo la kujisifia, na nikijisifia kwa wengine hawatanielewa.

Kuna mzee mmoja, fundi cherehani aliyekimbia kwao, huja maktaba kila siku kusoma habari za nyumbani. Huko kwao kurasa zinazosema ukweli zimefungwa, na anayezitafuta hujulikana na kufuatwa. Mke wake bado yuko kulekule. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, mke wake anawezaje kusoma bila kuonekana.

Nikamweleza kwamba upo mtandao wa kuficha. Unachokituma kinafungwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, kisha kinapitishwa katika mashine tatu za watu wasiojuana. Ya kwanza inajua umetoka wapi, haijui unakwenda wapi. Ya mwisho inajua unakwenda wapi, haijui ulikotoka. Ya kati haijui hata kimoja. Mashine hizo zinawekwa na watu wa kujitolea tu. Nilipomaliza kumweleza nikajiona mjinga. Najua yote haya, na mikono nimeikunja.

Basi nikakodi seva. Wanasema iko kwenye wingu, lakini hakuna wingu. Ni mashine katika jumba la kampuni fulani ambalo sitalikanyaga maisha yangu. Nikaiingia kwa ufunguo wangu kutoka meza ya jikoni, nikaifunga milango yote isipokuwa miwili, mmoja wa kuingilia mimi, mmoja wa kupitia wageni. Nikaweka programu, nikaandika faili la maagizo: iwe kituo cha kati tu, isiwe ya mwisho; itumie kasi kiasi gani; na anwani yangu ya barua pepe, mtu akiwa na neno nami. Mara ya kwanza ilikataa kuwaka. Nilikuwa nimekosea herufi moja, nikaitafuta mpaka chai ikapoa. Ilipokubali, ikaandika kwamba inafikika kutoka nje. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Faili lilitaka pia jina la utani la mashine, jina linaloonekana na ulimwengu mzima kwenye orodha ya vituo. Sikufikiri mara mbili. Nikaandika Kitinda. Nikasema, kitindamimba wetu naye atembee duniani.

Msalimie Mama. Mwambie ajipake dawa niliyotuma, asiigawe kwa majirani.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Mama ni mzima, na dawa ameshaigawa. Mimi nipo.

Tafadhali futa jina langu kwenye mashine hiyo.

Nitakueleza mara moja, na nakuomba usinirudishie maswali. Niliwaambia kwamba mimi na yule mchumba wangu tulishindwana tabia. Hatukushindwana. Mwaka jana mtu asiye na sura alinitumia picha zangu mwenyewe, zilizokuwa ndani ya simu yangu, nilizompigia mtu aliyekuwa anioe. Alitaka nimpigie nyingine, kila atakapo, namna atakavyo. Nilipokataa akazituma kwa mchumba, kwa mama yake, na kwa wateja wangu. Wateja, Dada. Wanawake niliowashika vichwa tangu najifunza kusuka. Mmoja alinirudishia kitana changu kwa ncha za vidole.

Ndiyo maana nilifunga saluni ya karibu na soko nikahamia chumba hiki cha nyuma ya karakana, ambako asubuhi wateja wangu wanasukwa huku magari yanapigwa nyundo. Ndiyo maana sina simu ya kioo. Mama hajui, na usimwambie.

Nilikwenda polisi. Afisa alikuwa mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Baada ya wiki kadhaa akaniita, akasema wamefuata njia ya zile picha mpaka ilipoishia, nayo imeishia kwenye mashine iliyoko nchi nyingine. Mwenye mashine ameulizwa, akajibu kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa kujitolea, hajui nani alipita. Nilipotoka tu pale kituoni nikapata ujumbe: "Pole kwa safari ya bure."

Dada, nilimchukia yule mwenye mashine kuliko hata aliyenitenda. Aliyenitenda ni mwovu, basi. Lakini mwenye mashine anakula, analala, anajiona mtu mzuri. Niliapa nikikutana naye nitamuuliza, unapata nini?

Sasa barua imenifikia kutoka kwa mtu wa namna hiyo, na mwandiko ni wa dada yangu.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, na nikaketi palepale. Pole. Neno lenyewe ni dogo, lakini sina jingine. Jina nimelifuta siku hiyohiyo.

Hujaniruhusu maswali, siulizi. Niache niseme jambo moja tu. Mashine yangu ni ya kati. Hakuna picha inayotokea kwangu kwenda kwa mtu. Na mwovu ana njia mia, angekosa hii angeshika nyingine. Mke wa mzee wa cherehani hana mia, ana hii tu. Juzi alisoma habari za kwao kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke. Mzee alilia mbele ya wasomaji. Siwezi kusema hilo si kitu.

Nakuomba unielewe, kama mimi ninavyojaribu kukuelewa. Unakula? Niandikie.

Dada yako


2 Mei

Kitinda,

Hamjambo nyumbani? Mama ameniambia kwa simu kwamba uko salama ila umekuwa wa maneno machache. Nimengoja barua yako mpaka mtu wa posta ananionea haya.

Barua yangu ya Machi ilikuwa barua ya mtu anayetaka kushinda. Ulinionyesha kidonda, nami nikakufundisha mashine.

Nimeizima. Si kuisimamisha, nimeifuta pamoja na funguo zake, na seva nimeirudisha kwa wenyewe. Mzee wa cherehani nilimwambia, nikidhani atanilaumu. Nilimweleza tu kwamba mdogo wangu aliumizwa na mtu aliyejificha. Akaniuliza kama unaweza kulala. Nikasema sijui. Akasema, "Basi hilo ndilo la kulijua kwanza." Akarudi kwenye gazeti lake.

Unaweza kulala?

Dada yako


19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Mama mzima, na goti limempa likizo. Ndiyo, siku hizi nalala.

Nakuandikia mambo yaliyotokea, kwa utaratibu, maana mengine mpaka leo nayaona kama ya mtu mwingine.

Mwezi wa tano alikuja mteja mpya, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, nywele nzito. Nimefika nusu ya kichwa, simu yake ikalia kwenye mapaja. Akasoma. Nilimwona kwenye kioo. Dada, nilijua uso ule, ulikuwa wangu wa mwaka jana. Nikaweka kitana chini, nikamwambia polepole, "Ni mtu asiye na sura?" Akageuka na nywele nusu zimesimama, akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini.

Tuliongea mpaka mafundi wa karakana wakafunga. Tulitafuta kinachotuunganisha; hatukusoma pamoja, hatusali pamoja, hatuna ndugu mmoja. Mwishowe tukafika kwenye simu. Yake ilivunjika kioo, yangu iligoma kuchaji. Tulizipeleka kwa fundi mmoja, yule mwenye kibanda karibu na stendi, mwenye maneno laini, anayekufutia kiti kabla hujakaa. Yeye ndiye aliyezichota picha, na akaacha kitu ndani ya simu cha kumsomea kila tunachoandika. Na pale kituo cha polisi ana shemeji yake, anakaa mezani mapokezi. Ndivyo alivyonipa pole kabla sijafika nyumbani.

Tukamwendea mwanasheria mmoja anayesaidia wanawake. Mwanamke mkali, hacheki ovyo. Akasema simu tuziache nyumbani, na pale kituoni tusirudi. Akasema wawili hatutoshi, lazima wapatikane wengine, lakini mwanamke aliyeaibishwa haji ofisini kujiandikisha. Ofisi yake ina ukurasa wa kupokea maelezo, unaofunguka kwa ule mtandao wa kuficha tu, ili hata yeye mwenyewe asijue anayeandika ni nani mpaka mwandikaji apende kusema. Alipotaja mtandao huo nilisimama nikataka kutoka.

Mwalimu akanishika mkono. Nikakaa.

Nikaandika yote kwenye kompyuta ya ofisi yake. Pembeni mwa ule ukurasa pana mahali panakuonyesha njia uliyopitia, mashine baada ya mashine, na nchi zake. Niliyatazama yale majina ya nchi ambazo sijui hata wanasalimianaje. Hasira ilinipanda upya, Dada, maana nilikuwa nawahitaji wenye mashine hizo, na wao wala hawakuwa na habari.

Habari ya ukurasa ule haikuandikwa popote. Tuliipitisha sisi wasusi, kichwa kwa kichwa, saluni hadi saluni, huku tumeshika nyuzi. Wanawake wakaanza kuandika, wengine kutoka miji ya mbali. Hawakujuana, lakini walisema kibanda kimoja, kiti kimoja kilichofutwa. Maelezo yalipokuwa ya kutosha, mwanasheria akayapeleka makao makuu ya upelelezi. Walikuja bila kupitia kituo chetu, wakambeba yule fundi na mashine zake, na yule shemeji wa mezani naye wakamwita.

Kesi itasikilizwa. Nimekubali kusimama kizimbani kama shahidi. Kwa hiyo nilimwambia Mama, kabla hajasikia kwa watu. Alinivua kilemba, akaanza kunifumua nywele kama nilipokuwa mtoto.

Mdogo wako


8 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kazini nikaomba ruhusa ya kutoka. Sina la kukufundisha mara hii. Nitakuja siku ya kesi ukitaka. Ukitaka kuwa peke yako, nitakaa huku na kuomba. Sema neno tu.

Dada yako


23 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, na anasema koti ulilomtumia limekuwa la kanisani. Nilikuambia usije, na nilifanya vizuri, maana ningekuona ningelia, na sikutaka yule mtu anione nalia.

Nilidhani ataonekana wa kutisha. Ameonekana fundi simu tu, shati limepigwa pasi. Hakunitazama hata mara moja.

Wakili wake alinisumbua kwa muda mrefu. Akauliza maelezo ya kwanza niliyatuma kwa njia gani, na kupitia kwa nani. Nikasema mitambo ya watu. Watu gani? Nikasema siwajui, na wao hawanijui. Akamgeukia hakimu kwa tabasamu, kisha akanirudia: kumbe shahidi ni mtu wa kujificha, kama anavyodai kwamba mshtakiwa alijificha, tofauti iko wapi?

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mwanasheria wetu alikuwa ameanza kuinuka, nikajibu kabla yake.

"Nilijificha asinidhuru mpaka nifike hapa. Nimefika. Yeye alijificha asifike."

Hakimu akaandika. Wakili akasema hana swali zaidi.

Hukumu imesomwa juzi. Amefungwa, na shemeji yake amefukuzwa kazi. Mwalimu alinikumbatia mpaka nikaishiwa pumzi. Wanawake wengine walikuwepo ukumbini na wengine hawakuwepo, na sitawajua wote kamwe. Picha bado ziko kwa watu, hilo hakuna hukumu inayolifuta. Yule mchumba ameleta salamu kupitia kwa dada yake. Sikujibu.

Sasa ile mashine yako. Nimeiwaza sana. Usidhani nimekuja upande wako. Yule mwovu alipita kwa watu kama wewe, nami nilipita kwa watu kama wewe, na hakuna aliyeweza kututenganisha pale mlangoni. Ipo siku nakumbuka hilo na natamani zote zizimwe. Ipo siku namkumbuka mwanamke mmoja aliyeandika kutoka mji nisioufahamu, mstari mmoja tu: "Na mimi pia." Angeandikia wapi?

Mke wa yule mzee ulisema hana njia nyingine.

Iwashe, Dada, hata kama ni kwa kukodi nyingine. Sijaipenda, na usiniulize tena kama nimeipenda. Iwashe.

Naishia hapa, kuna mteja ameketi, na nyundo za jirani zimeanza.

Mdogo wako