Neno Nililosema Mbele ya Mama Mukwe

Mama Riziki, bibi yangu,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na batoto yetu bote pale Baraka. Muko namna gani? Kikohozi ya ule mudogo imeisha? Muhogo mulishatoa shambani, ao mvua iliwafungia ndani? Mi niko. Mwili iko muzima, kazi iko, baridi ya huku Kanada imepunguka kidogo. Lakini uso wangu sijui niuweke wapi.

Naandika kwa mukono sababu telefone yangu haupokee tena. Naelewa. Ningekuwa wewe, ningeitupa ziwani. Bibi ya pasteur wa kanisa yetu ya huku anakuja Uvira kuona mama yake, nimemuomba hii barua ifike kwa mukono yako mwenyewe.

Mudogo wangu Alimasi aliniambia yote. Kumbe ile siku ya Mungu, kisha kanisa, mama yako alikuwa amefika toka Mboko, amekaa kwa salon pamoja na bakaka yako, na wewe ukaweka telefone juu ya meza, sauti wazi, ili nao banisikie nikisalimia. Na mi, mupumbavu, sikuuliza hata nani iko pale. Nikakuita jina yako ya ubinti. Nikasema, "Furaha, nakupenda sana, mupenzi wangu." Nikasema na ingine, ile ya ndoto, siwezi kuiandika hapa.

Eh, Mungu wangu! Mbele ya mama mukwe! Mi mwenye toka nikuoe sijakula naye sahani moja, nikimukuta njiani natoka pembeni apite! Alimasi anasema mama alijifunika kikwembe kichwani, akatoka, akapanda pikipiki akarudi Mboko na njaa yake, bugali ikabaki mezani. Bajirani banacheka mpaka leo. Na wewe ulisema, "Bwana akianza maneno tamu, kuna kitu amevunja. Huyu amepata bibi kule." Sasa nasikia unafunga vitu, unataka kurudi kwa mama yako na batoto.

Ngoja nikueleze. Hakuna bibi mwingine. Kuna mama mumoja muzungu, Linda, mutu muzima, iko na bajukuu. Tunakunja mashuka ya hoteli pamoja, yeye anashika upande moja, mi ingine. Kila saa ya kupumzika anaita bwana yake. Banaongea juu ya maziwa, juu ya imbwa yao, kisha anasema "nakupenda" ndiyo anakata. Kila siku! Mi nilikuwa nacheka tu. Siku moja akaniuliza, "Na wewe, bibi yako ulimwambia lini?" Nikajibu, "Bado." Akafikiri luga imenishinda, akauliza tena. Nikasema kwetu hatusemake hivyo, mi namuita Mama Riziki, yeye ananiita Baba Riziki. Akaacha shuka. Akaniangalia namna banaangalia mutu mwenye kupiga bibi yake. Akasema, "Maskini huyo mwanamuke."

Usifikiri ule mama anaigiza. Nimebaona kule inje ya hoteli: bwana yake mugongo inamuuma, Linda anapiga magoti kwa teluji anamufunga kamba ya viatu. Banapendana kweli. Ndiyo maana ile neno iliniingia. Nikafika kwa nyumba nikawaza, pengine sisi tulizaa tu, hatukupendana. Nikakamata telefone.

Haya ya mbele ya mama yako ni kubwa, lakini kuna ingine inanikula zaidi. Nilikuonea haya wewe. Mbele ya mugeni, niliona haya juu ya nyumba yetu. Wakati homa ilinilaza kule Lulimba kwa machimbo, nani alipanda kamio, akasafiri juu ya mizigo, na mimba, akanitafuta? Hata pole hukusema. Ulisema, "Amuka, unanuka." Ukaniogesha mbele ya banaume bote bale, na hukuona haya hata kidogo. Ile ndiyo ningemuelezea Linda. Niliinamisha kichwa nikaendelea kukunja mashuka. Nisamehe kwa ile, Mama Riziki, kuliko kwa telefone.

Kwa mama yako, nimemuomba noko, kaka ya mama yangu, afike Mboko na mbuzi na kikwembe, aombe samahani namna inatakiwa. Mama akikataa, arudi tena kesho yake. Akifukuzwa, arudi tu.

Na wewe nikuambie yote, sitaki kubakiza. Kisha kusema ile neno, nilingoja. Sikuisema ili ufurahi. Nilitaka wewe uniambie mimi. Huku hakuna mutu ananiita Baba Riziki, bananiita jina ya karatasi. Niliogopa umeanza kunisahau.

Nisalimie Riziki, asome, asikubali bamucheke juu yangu. Nisalimie yaya, dada yangu mukubwa mwenye kuuza samaki ya ndakala sokoni, na muzee wetu wa kwaya. Alimasi mupe aksanti, ijapo mudomo yake ni murefu. Kwa mama yako mi siwezi kutuma salamu, noko atajua la kusema.

Tafazali, usifunge vitu. Na usinijibu kwa maneno, nimeona kazi ya maneno. Siku hasira itapoa, pokea tu telefone, uiweke chini karibu na kinu ukiwa unatwanga majani ya sombe. Usiseme kitu. Mi nitasikiliza mpaka umalize.

Ni mi, baba ya batoto yako, mwenye haya.