Salamu Tatu Kwenye Daftari

Jumatatu, 4 Novemba

Saa mbili kasoro, benchi limeshajaa. Wiki ya pili ya muhula na wengi wana shida moja: kitanda. Wengine kadi za bima zimekataliwa zahanati. Kijana asiyeona kapangiwa chumba ghorofa ya pili, na aliyempangia ana macho yake mawili. Nimekwenda bwenini mwenyewe kugombana. Nimeshinda. Amehamia chini.

Wenye mambo ya moyo hawaji. Benchi liko barazani, kila apitaye anaona. Nani akae pale ajulikane anakwenda kulia kwangu, kwa Mama Somoe? Tangu mwaka juzi naomba mlango wa nyuma. Naambiwa subiri. Haya, nasubiri.

Mchana kapita Shaweji, Mmatumbi wa Mitole, ualimu mwaka wa tatu. Mtani wangu. Mimi Mmwera, yeye Mmatumbi, basi tangu siku ya kwanza hatujawahi kuongea kama watu wenye akili. Hata shikamoo yake ni ya kejeli. Leo kaniuliza hiki cheo cha ushauri nilikipata kwa kusoma au kwa kelele. Nikamwambia Mmatumbi akiona meza hudhani ni kitanda, asije akalala. Benchi zima limecheka. Alikaa dakika kumi, kisha akaenda zake.

Kwenye daftari la waliohudumiwa, safu ya shida, nimemwandikia: salamu.

Alhamisi, 7 Novemba

Joto. Umeme umekatika mara tatu. Mlezi anataka ripoti ya huduma za wanafunzi kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye mkubwa wangu, na anapenda ripoti kuliko wanafunzi.

Shaweji tena. Kakonda. Nikamwambia korosho za kwao zina nyama kumzidi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akasema mbele ya katibu wangu: "Mtani, kaburi langu mtachimba nyie. Msije mkachimba fupi, maana Wamwera mnapenda pilau kuliko jembe."

Nikamjibu: "Subiri korosho ziishe. Sasa hivi hatuna nafasi ya kuzika Mmatumbi."

Katibu alicheka hadi akafuta macho kwa mtandio. Jibu zuri lile. Jioni nimemsimulia mume wangu, naye akacheka.

Daftari: salamu.

Jumatatu, 11 Novemba

Wanafunzi sita nje, na Mlezi ananipigia simu kila baada ya robo saa. Shaweji kaingia na birika lake la umeme, kaliweka juu ya mafaili. Rithi, mtani, akasema, usingoje kunyang'anya msibani. Sisi kwenye msiba wa mtani tunanyakua, ndiyo haki yetu. Nikalinyakua. Nikamwuliza na shuka je, naona lako bado jipya. Akasema na hilo litakuja.

Nikamwita aliyefuata. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama. Nikamwambia Mmatumbi, nenda darasani. Akaenda.

Saa nne nimechemshia chai. Linachemsha haraka.

Salamu.

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi kaja Nassoro, anayelala chumba kimoja na Shaweji. Hakukaa benchini, kapita moja kwa moja. Shaweji hajalala bwenini tangu juzi. Simu imezimwa. Shuka lake kamwachia Nassoro, limekunjwa vizuri.

Nikalitazama birika. Nikaketi.

Nimekwenda ofisi ya taaluma kuuliza ratiba yake ya vipindi. Hana ratiba. Shaweji alidisco mwezi uliopita. Alifeli sapu mbili, mitihani ya marudio, jina likafutwa. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anavaa, anabeba daftari, anatoka na wenzake, na darasa hana. Nassoro hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa karani mmoja mwenye orodha kwenye droo.

Nikauliza kwa nini orodha haiji kwangu. Karani akanijibu kwa upole kabisa: Mama, huduma zenu ni za wanafunzi, na huyu si mwanafunzi tena. Ni kweli. Ndivyo utaratibu ulivyo. Siku mtu anapotuhitaji kuliko siku zote ndiyo siku tunayomfuta.

Ofisini nimesimama mbele ya bango. Dalili za mtu anayefikiria kujitoa uhai. Nililileta mwenyewe kutoka semina, nikalibandika kwa mikono yangu. Anazungumzia kifo chake. Anagawa vitu vyake. Lipo ukutani nyuma ya kiti changu. Wanafunzi wanalisoma. Mimi nimelipa kisogo miaka miwili.

Angekuwa Mhaya, angekuwa Msukuma, ningemfungia mlango siku ileile ya Alhamisi, nikamketisha, nikamwuliza waziwazi. Mtani sikumwuliza. Mtani anasikilizwa kwa meno.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumetafuta, mimi, Nassoro na walinzi wawili. Msikitini. Stendi. Kwa binamu yake anayekaa Mitwero. Polisi wameandika maelezo.

Adhuhuri nimempigia mama yake, Mitole. Nimemwambia ni mambo ya bweni tu. Akasema Jumapili Shaweji alipiga, akataka kuongea na kila mtu, mmoja mmoja, hata bibi yake ambaye hasikii. Walimwekea simu sikioni hivyohivyo. Kisha akaniuliza: mwalimu wetu anaendeleaje? Kijiji kizima kinamwita mwalimu.

Nikasema anaendelea. Mimi ni mwongo.

Ijumaa, 15 Novemba

Wamempata. Amekufa.

Mahali na namna sitaandika.

Polisi wameniuliza nilimjua kiasi gani. Nikasema alikuwa mtani wangu. Askari mwenyewe Mngindo, utani wetu anaujua. Akaniangalia, akaacha kuandika.

Jumamosi, 16 Novemba

Maziko Mitole. Tumekwenda na basi dogo la chuo, wanafunzi ishirini na mimi.

Walikuwepo waliotaka asiswaliwe. Imamu akasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, kazi yake yeye ni kuswalisha. Akaswalisha. Mungu amlipe.

Nilikaa uani na wanawake, ushungi umeshuka hadi machoni, nalia. Bibi mmoja, shangazi wa baba yake, akaja hadi nilipokaa. Akaniuliza wewe si ndiye yule Mmwera? Mbona unalia? Kulia ni kazi yetu, yako hujaianza. Nikamwambia bibi, siwezi. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mtani akilia, nani atatunyamazisha?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Ndivyo tulivyolelewa. Msiba usio na mtani ni msiba wa mkiwa, na mimi nilikuwa Mmwera pekee uani. Nikaomba shati la Shaweji. Nikalivaa juu ya dera. Nikachukua upawa wa uji nikaubeba kama mwalimu abebavyo fimbo, nikatembea alivyotembea yeye, bega moja juu, kichwa upande. Nikasema Wamatumbi wamezidi uvivu, huyu hata kuishi kachoka mapema.

Nikadhani watanipiga. Kisha mama yake akacheka. Alicheka na machozi yanamtiririka, akajipiga paja, na ua wote ukapokea. Nikaendelea. Nikaficha viatu vya imamu. Nikadai shuka. Nilifanya vizuri sana, bibi yule akanibusu mkono.

Nililivua shati nyuma ya choo, nikatapika.

Jumatatu, 18 Novemba

Mlezi kaniita. Kafunga mlango, jambo ambalo hafanyi. Kuna kamati ya uchunguzi, italitaka daftari langu Ijumaa. Kalifungua mbele yangu, kidole juu ya jina la Shaweji, akasema. Mara tatu, Somoe. Mara tatu kaja ofisini kwetu, umeandika salamu. Linasomeka vibaya. Andika alipewa ushauri. Kalamu ni ileile, safu ni ileile, na maiti hadai.

Hakusema kwa ubaya. Anaogopa. Mimi pia naogopa. Nina miaka kumi na mmoja kazini.

Nimerudi na daftari kwapani. Wanafunzi benchini walinyamaza nilipopita. Zamani walikuwa hawanyamazi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimebadilisha moja. Ya tarehe nne. Nimeikata salamu, juu yake nikaandika ushauri. Mwandiko wangu mzuri kabisa.

Nilipofika ya tarehe saba mkono ukagoma. Siyo uchamungu. Nilijaribu kukumbuka ni ushauri gani niliompa, ili nisikwame kamati ikiuliza, na nilichokumbuka ni kile kile nilichomwambia. Subiri korosho ziishe. Huo ndio ushauri aliopata ofisini kwangu.

Mume wangu anasema nibadilishe zote, nitulie. Anasema hukumuua wewe. Nimemwambia sijasema nimemuua. Kisha nimemkasirikia siku nzima bila sababu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimelipeleka daftari. Kwenye ule mstari niliouharibu nimerudisha salamu, nikatia sahihi pembeni kwamba nilibadilisha na nimerudisha, mimi mwenyewe. Kamati ya watu watano, maji ya chupa mezani. Nimewaeleza utani. Mmoja, mtu wa kaskazini, aliuliza mara mbili kama ni kweli mshauri wa wanafunzi alimwambia mwanafunzi asubiri kuzikwa. Nikasema ni kweli. Mwenzake, mtu wa Nachingwea, kwetu Wamwera, aliinamisha kichwa, akachezea kifuniko cha chupa.

Nimewaambia pia habari ya orodha iliyolala kwenye droo. Na ya benchi. Wameandika. Sijui kama watafanya kitu.

Mlezi hanisemeshi. Nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Bango nimelibandua, nikalibandika ukuta wa mbele, atakayekaa kiti kile alione. Atakuwa na kazi nyingi, maskini.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekwenda Mitole peke yangu. Sikumuaga mtu.

Mama Shaweji alikuwa uani anachambua korosho, mbovu huku, nzima huku. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuacha kazi, kisha akanitania kidogo, kwamba Mmwera kasikia kuna wali. Nikamwambia leo sikuja kwa utani. Nikakaa chini nikamweleza yote. Kufutwa kwake chuoni alishakusikia. Haya mengine hakuwa nayo. Birika. Kaburi, na Wamwera wanaopenda pilau. Nilivyomjibu. Nilimtajia maneno yangu yote bila kupunguza, kwa sauti yangu ileile, maana sikuona namna nyingine ya kuyasema.

Mikono yake ilisimama. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

Akauliza: "Na yeye alicheka?"

Nimejaribu. Namwona mlangoni, shati lake la bluu, mkono kwenye kizingiti. Namsikia katibu. Najisikia mimi. Uso wake siupati. Nilikuwa nacheka, macho nimeyafumba.

Nikamwambia sijui, mama. Sikumtazama.

Akasogea kwenye mkeka, akanivutia ungo. Tumechambua hadi adhana ya adhuhuri.