Vitabu vya Papa Vimevuka Rusizi

Mururu, Rusizi
18 Novemba 2007

Kwa yaya Ladislas, kaka yangu mkubwa,

Mimi mdogo wako Kamikazi nakusalimu kwa mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigali, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu mvua zianze kimetulia. Msalimie sana mkeo, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Sisi huku hatujambo. Goti la Maman limepata nafuu, Jumapili alipanda mwenyewe hadi kanisani bila kunishika mkono. Maharagwe yamechipua vizuri upande wa chini wa shamba. Shuleni wameniongezea darasa, na wanafunzi wananiita Madamu Kitabu wakidhani sisikii.

Nakuandikia kuhusu Mzee Ntabaza. Najua siku ya Pasaka uliniambia jina hilo lisitajwe tena nyumbani, kwamba litamuua Maman polepole, na kwamba mimi nitakauka kwa chuki kabla hata sijaolewa. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Sasa nimefanya jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Acha nilipange tangu mwanzo. Mwaka wa 1996 wewe ulikuwa shuleni Bujumbura, na mambo ya Bukavu uliyapata vipande vipande. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwepo. Redio ilipoanza kusema Wanyarwanda wote warudi walikotoka, Papa alitutanguliza Maman na mimi tuvuke daraja la Rusizi tuje huku Rwanda, Cyangugu. Yeye alibaki kwa sababu ya vitabu. Ntabaza, jirani yetu mwenye ukuta mrefu na lango la chuma, alimwambia avipeleke vitabu kwake kwanza, kisha aingie mwenyewe ajifiche humo mpaka mambo yapoe. Papa alivisukuma kwa puspusu, kile kigari cha mkono, kutwa nzima. Maman Bernadette, yule aliyekuwa akiuza makaa ng'ambo ya barabara, aliona yote. Alisema vitabu viliingia, mzigo baada ya mzigo. Mzigo wa mwisho Ntabaza aliupokea kwa mikono yake, akafunga lango, Papa akiwa nje. Papa aligonga akiita, "Muzee, fungula, ni miye!" Vijana wa mtaa waliokuwa wakiwasaka Wanyarwanda wakasikia ile sauti. Wakaja. Tangu hapo hakuna aliyemwona Papa.

Njia ilipofunguka Maman alirudi Bukavu kuuliza. Ntabaza alimjibu kwa upole, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, kwamba yeye hakuwahi kuweka vitabu vya mtu, kwamba watu wengi walipotea siku zile, na kwamba Maman aende nyumbani akasali. Maman alikwenda nyumbani. Amekuwa akisali mpaka leo.

Sasa nije kwenye habari yangu. Mwaka jana nilifungua blogu ya vitabu. Usicheke. Kila Jumamosi nashuka Kamembe, kwenye cyber ya Ridhwani, naandika juu ya kitabu nilichosoma, kwa jina la Msomaji wa Mururu. Ridhwani ndiye aliyeniingiza katika kundi la mtandaoni linaloitwa Meza ya Wasomaji. Wamo watu wa Kamembe, Bukavu, Uvira, Bujumbura, hata Goma. Ukiingia, desturi ni kujitambulisha: jina lako, kwenu, na aliyekufundisha kupenda kusoma. Mimi nilishindwa. Nilikaa mbele ya ile mashine mpaka chai ikapoa, kwa sababu jibu la swali la tatu ni Papa, na sikutaka kuliandika kama mtu anayejaza nafasi. Ridhwani akawaambia wenzake waniache, dada huyu ni mwenye haya, atajitambulisha siku yake. Wakawa wananitania kwamba huenda mimi ni padri.

Kundi lina kanuni nyingine, na hii uishike vizuri. Mwanachama akiomba kitabu chako, humnyimi. Unampa mama anayevuka mpaka na kikapu cha nyanya au dagaa wa sambaza, kinamfikia. Kitabu kinakaa kwa aliyekisoma mwisho mpaka mwingine akiombe. Ndivyo vitabu vinavyotembea, na mpaka sasa hakuna kilichopotea.

Mwezi wa pili akaingia mzee mmoja wa Bukavu, akajitambulisha kwa picha. Amevaa suti, mkono mmoja ameuweka kwenye rafu kama mtu anayeshika bega la mwanawe. Aliandika kwamba wakati wa vita alizunguka mtaani akiokota vitabu kwenye majivu, kimoja kimoja, akiyahatarisha maisha yake. Watu wakammiminia baraka. Wakamwita Mzee wa Vitabu. Mwingine akaandika kwamba mwanaume wa namna hiyo angefaa kuwa waziri. Mimi sikumtambua kwa uso, amenenepa. Nilitazama migongo ya vitabu.

Yaya, unakumbuka Papa alivyokuwa akishona vitabu. Pagne ya Maman, kile kitenge chake, ikichakaa haikuwa tambara la kufutia meza. Papa aliikata, akaipaka gundi ya unga wa muhogo aliyoichanganya na pilipili ili mende wasile, akaivika kitabu kilichochanika. Vitabu vya dawa vilivaa ile ya kijani yenye ndege kanga. Vya hadithi vilivaa ya buluu yenye miavuli. Ntabaza alikaa na vitambaa vile zaidi ya miaka kumi akaviona mapambo tu. Akavipiga picha, akavirusha kwa dunia. Hakuna mwanamke wa Bukavu ambaye angefanya kosa hilo.

Ridhwani alinichapia ile picha kwa rangi, nikampelekea Maman. Aliiweka kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kuonyesha kwa kidole: hii niliivaa alipobatizwa Ladislas, hii Papa yenu aliniletea kutoka Uvira tulipogombana, hii nilikubebea wewe. Alimaliza rafu nzima. Kisha akaikunja picha, akaiweka ndani ya Biblia, akaniambia, "Acha, mwanangu. Mimi nilishamwachia Mungu." Nilimwambia ndiyo, Maman. Usiku huo sikulala.

Niligundua kwamba Ntabaza alikuwa na haja. Alitaka kufungua nyumba ya kusomea hapo Bukavu, kwenye barabara kubwa, yenye jina lake juu ya mlango, na vitabu vile ndani. Alitafuta wageni wa heshima, na wageni wanapenda mzee mkarimu. Basi hakuweza kumnyima mtu kitabu hata kimoja mbele ya kundi. Ningeviomba mimi peke yangu angeshtuka. Kwa hiyo nikaanza kuvisifu.

Nilivijua vyote, Ladislas. Vile nilivyosoma nikiwa chini ya meza ya kazi ya Papa, na vile alivyonisomea yeye. Niliandika juu ya kile cha mke wa karani wa reli anayesubiri garimoshi lisilofika, nikaishia pale pale ambapo msomaji hawezi kulala bila kujua. Juma lilelile watu wa Uvira na Bujumbura wakakiomba. Niliandika juu ya kitabu cha miti dawa, walimu wawili wa Gashonga wakakigombania. Ntabaza akavimba kichwa. Akaniandikia kwamba Msomaji wa Mururu ana macho ya dhahabu, na kwamba kama mimi ni msichana basi baba yangu amezaa. Nilimshukuru. Nilimwita Mzee wangu.

Kila kitabu kilipomaliza kuzunguka kidogo, nilikiomba mimi. Kikifika kwangu niliandika tena, safari hii vibaya. Niliandika kwamba nimekirudia na nimeona kinachosha, kwamba mwisho wake ni wa kitoto, kwamba kurasa za katikati zinanuka. Hakuna aliyekiomba tena. Jambo hilo ndilo lililoniuma, si uongo niliomwambia Ntabaza. Kumwambia mtu asisome kitabu ambacho Papa alikishona kwa mikono yake, na kukitukana, huku kiko magotini pangu na ninakipenda. Mwalimu mmoja wa Goma alinikaripia mbele ya wote kwamba nimekuwa na roho ya ukavu. Nilimwacha aseme.

Maman aliona vikapu vikija. Hakuuliza. Siku kitabu cha kwanza chenye miavuli kilipofika, alikinusa, akafunga macho, akasema, "Hii gundi ni ya Papa yenu." Kesho yake alimwita fundi atengeneze rafu kwenye chumba chako cha zamani.

Mwezi wa kumi Ntabaza alitangaza siku ya ufunguzi, Jumamosi ya tarehe kumi mwezi huu wa Novemba, saa nne asubuhi, akawaomba wote waliokuwa na vitabu vyake wavirudishe. Mmoja baada ya mwingine walimjibu kwamba viko kwa Msomaji wa Mururu. Akaniandikia kwa utamu, mwanangu hivi, mwanangu vile, vitabu vinakuhitaji uvirudishe nyumbani. Nilimjibu kwamba asiwe na shaka, ninavirudisha nyumbani, na siku ya ufunguzi nitajitambulisha kwa wote. Alifurahi sana hata akawatangazia wageni kwamba msichana wa Mururu atajifunua.

Siku ile nilikuwa kwa Ridhwani tangu mlango ulipofunguliwa. Nilikuwa nimemweleza yote usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliniuliza kama Maman anajua, kisha akasema hatanitoza kitu na hatamruhusu mtu mwingine atumie mashine ile. Saa nne niliandika hivi:

"Wasomaji wenzangu, mnisamehe kuchelewa. Mimi ni Kamikazi. Kwetu ni Kadutu, Bukavu, na sasa ni Mururu. Aliyenifundisha kupenda kusoma ni baba yangu Munyemana, mshonaji wa vitabu. Vitabu vyote mlivyovisifu kwa Mzee Ntabaza ni vyake. Vimevikwa nguo za mama yangu, na mama yangu yuko hai, anaweza kuwaambia kila kitambaa alikivaa siku gani. Ntabaza alivipokea vitabu akamfungia nje mwenye vitabu. Viko nyumbani sasa. Niliwadanganya niliposema ni vibaya. Atakayetaka kusoma aje Mururu, tutampa kiti na chai."

Kijana wa kundi letu aliyekuwa kwenye ufunguzi alikuwa na simu inayofungua mtandao. Alisoma, akampa jirani yake. Ridhwani alipigiwa simu, akaisogeza nisikie. Nasikia rafu zilikuwa zimefunikwa kwa pazia jeupe. Mama mmoja, mjane wa pale Kadutu, alisimama katikati ya hotuba akasema, "Muzee, tuonyeshe kwanza bitabu." Akasema havijafika. Mama yule akauliza, "Na Munyemana? Ye alifika?" Watu wakaanza kuinuka. Wageni wa heshima waliondoka bila kugusa fanta zao. Walioshuhudia wanasema Ntabaza alibaki amesimama chini ya jina lake mwenyewe akiomba watu wakae.

Nilifurahi, Ladislas. Sitakudanganya. Nilirudi nyumbani kwa pikipiki nikicheka peke yangu, dereva akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa nifike pale ambapo mkono unanizuia. Jumatano iliyopita Ntabaza aliniandikia faraghani. Hakunitukana. Alisema watoto wake wanazomewa njiani, na mkewe amerudi kwa ndugu zake Kabare. Alisema anajua vijana wale walimpeleka Papa wapi, kwa sababu kesho yake walikuja kumwomba sepetu. Alisema nikiufuta ule utambulisho, na kuandika kwamba nilikosea, atatuonyesha mahali tukamzike.

Nilikaa mpaka Ridhwani akazima mashine nyingine zote. Nilimfikiria Maman, jinsi ambavyo kila mwaka hajui pa kuweka maua. Kisha nikamjibu. Nilimwambia mahali hapo apaandike chini ya jina langu, mbele ya wasomaji wote, na aandike pia nani aliyetoa sepetu. Hapo tutakuja na jeneza. Kwa njia nyingine, sitaki.

Hajajibu. Nafungua kila siku. Utambulisho wangu uko palepale, na chini yake ni salamu za watu, hakuna neno lake.

Maman hajui kama kuna ujumbe huo. Nimemficha, na hilo ndilo ninaloliungama kwako leo. Huenda nimemnyima kaburi la mumewe, na nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu zote. Ukiona ni wajibu kumwambia, panda basi uje umwambie wewe, mimi mdomo umekataa. Ukitaka kunikaripia, nitakupikia ubugari, ugali wetu wa muhogo, na sambaza, nikae nikusikilize mpaka mwisho. Usiniombe tu niyafute yale maneno.

Maman anakusalimu, anasema usisahau kuvaa sweta asubuhi. Majirani wanakusalimu. Mungu awalinde hapo mlipo, na mvua hizi ziwapitie kwa wema.

Ni mimi mdogo wako, binti ya Munyemana,

Kamikazi